Somo: Kupunguza kitako cha shotigani mwenyewe nyumbani, kisheria, na bila kugusa mtutu

Habari zenu wakuu. Somo hili ni kwa wale tulioko Marekani wenye shotigani halali ambayo ukiiweka begani unaona kabisa hii kitu imetengenezewa mtu mwingine. Mikono inanyooka mpaka mwisho, shingo unaivuta mbele kama kobe, na ukipiga mara kumi bega na shavu vinawaka moto. Watu wengi wakifika hapo wanasema "bunduki ni ndefu" halafu macho yanaenda kwenye mtutu. Hapana wakuu. Tisa kati ya kumi kilicho kirefu ni kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani. Mtutu hauhusiki kabisa na bunduki kukukaa mwilini.

Shotigani nyingi za kiwandani, Remington 870 (hii ipo sokoni tangu 1950) au Mossberg 500, zinakuja na kitako cha kama inchi 14 kutoka kwenye traiga hadi mwisho wa raba (ile ya nyuma ya kitako inayogusa bega). Hicho ni kipimo cha mwanaume wa urefu wa kati aliyevaa shati. Sasa mpe mama watoto mwenye futi tano na kidogo, au kijana wa miaka 13, halafu mvalishe koti la Novemba la huku Minnesota, hapo umeshamwongezea karibu inchi nzima ya nguo. Hawezi kupiga ndege hata umfundishe mwaka mzima. Tatizo sio yeye.

Kwanza tumalize sheria ili tufanye kazi kwa amani. Sheria ya serikali kuu, ile NFA (National Firearms Act) ya 1934, inasema shotigani ikiwa na mtutu chini ya inchi 18, AU ukiifanyia mabadiliko urefu wake wote ukashuka chini ya inchi 26, hiyo ni silaha ya kusajiliwa. Lazima uombe kibali ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha) kwa fomu yao namba 1 na kikubaliwe KABLA hujakata, sio baada. Ile kodi ya dola 200 iliyodumu tangu 1934 imeshushwa mpaka sifuri kuanzia Januari 2026, na hapa ndipo watu wanajichanganya, wanadhani kodi ikiondoka na usajili umeondoka. Usajili upo palepale na kifungo kinafika miaka 10. Sasa fanya hesabu ya kitako: 870 yenye mtutu wa inchi 28 urefu wake wote ni kama inchi 48, ukitoa inchi moja na nusu kwenye kitako bado una zaidi ya 46. Hata ile yenye mtutu wa 18 na nusu inabaki kwenye 37 hivi. Kwa hiyo kupunguza kitako cha kawaida, kwenye bunduki yako mwenyewe, hakuna fomu wala kibali cha serikali kuu. Jimbo lako angalia mwenyewe maana kila jimbo lina mambo yake.

VITU VYA KUANDAA

Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa NDEFU (ile ya inchi 12 kwenda juu, yenye kichwa kipana), futi kamba na rula, tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, kisu chenye makali, msumeno wa umeme wa kukatia pembe wenye blade ya meno mengi, kama 80 hivi (blade ya meno machache itakutafuna mbao), drili na keekee nyembamba, mashine ya msasa wa mkanda, msasa wa kawaida namba 120 na 220, vijiti vya mbao vya duara na gundi ya mbao, na mafuta au vanishi ya kuziba mbao. Halafu raba mpya ya begani. Hapo kwenye raba soma vizuri: zipo za aina mbili, za kupachika moja kwa moja na za kusaga mwenyewe. Zile za kupachika zimekatwa kwa umbo la kitako kizima cha kiwandani. Kitako kinapungua unene kadiri unavyoelekea mbele, kwa hiyo ukishakikata uso wake unakuwa mdogo na ile raba ya kupachika itatokeza pembeni kama kofia kubwa. Nunua ya kusaga. Pachmayr Decelerator, Kick-Eez, LimbSaver, zote zipo za kusaga na zote zinafanya kazi. Unene wa inchi moja unatosha watu wengi.

HATUA YA 1: Hakikisha haina kitu

Fungua chemba, angalia kwa macho, ingiza kidole, angalia na bomba la chini la risasi. Halafu toa risasi zote kwenye chumba unachofanyia kazi, peleka chumba kingine kabisa. Sio kwamba nawafundisha utoto, ajali nyingi za bunduki nyumbani zinaanza na maneno "nilijua haina kitu".

HATUA YA 2: Pima mtu kabla ya kupima mbao

Kuna ile njia ya wazee, unaweka kitako kwenye kona ya kiwiko na kidole kikifika kwenye traiga basi inakufaa. Ni njia ya dukani tu, inakwambia urefu wa mkono na haikuambii chochote kuhusu shingo, kifua wala koti. Njia bora ni hii: mtu avae nguo atakazovaa porini, afumbe macho, apandishe bunduki begani kama anayempiga ndege, shavu likae kwenye mbao bila kulitafuta, halafu afumbue. Angalia nafasi kati ya ncha ya pua na kiungo cha dole gumba la mkono wa traiga. Vidole viwili mpaka vitatu ni sawa. Ikiwa vinaingia vinne, kitako ni kirefu. Ikiwa pua inakaribia kugusa dole gumba, ni kifupi na siku ya kwanza atatoka damu puani.

Unajuaje upunguze kiasi gani wakati hujakata bado? Mwambie asogeze kitako kipite chini ya kwapa kidogo kidogo mpaka mikono ikae kwa raha, wewe pima kitako kimeingia kiasi gani nyuma ya bega. Sio sayansi kamili ila inakupa pa kuanzia. Na kwa vile mbao ikikatwa haikui, ukikaa kati ya vipimo viwili chukua kile kirefu. Kwa mwanzo, matoleo ya vijana kutoka kiwandani mengi yanakuwa kwenye inchi 13 au 12 na kitu, tumia hiyo kama alama ya kujilinganisha.

HATUA YA 3: Hesabu (hapa ndio watu wanaharibu)

Kipimo cha kitako, wenyewe wanaita LOP, ni kutoka katikati ya traiga hadi katikati ya uso wa raba. Raba imo ndani ya hesabu! Watu wanasahau kabisa. Mfano, una kitako cha inchi 14 na raba ya zamani ina unene wa robo tatu ya inchi. Unataka mwisho wa kazi iwe 12 na robo tatu, na raba mpya ni inchi moja. Mbao peke yake sasa hivi ni 14 toa robo tatu, sawa na 13 na robo. Mbao unayoitaka ni 12 na robo tatu toa moja, sawa na 11 na robo tatu. Kwa hiyo unakata inchi moja na nusu. Mtu akikurupuka anasema 14 toa 12 na robo tatu anakata inchi moja na robo, akifunga raba mpya anashangaa bado ndefu. Afadhali huyo anaweza kukata tena, ila kuna yule mwenye raba mpya nyembamba kuliko ya zamani, huyo hesabu inamgeukia upande mbaya. Andika kwenye karatasi, usifanyie kichwani.

HATUA YA 4: Angalia ndani ya kitako

Toa raba ya zamani, ni skrubu mbili. Ndani utaona tundu refu, na chini kabisa kuna bolti inayoshika kitako kwenye mwili wa bunduki. Kwa 870 na bunduki nyingi za pampu bolti ipo mbali sana mbele, ukikata inchi mbili huigusi. Ingiza bisibisi bapa ndefu, zungusha kinyume cha saa, kitako kinatoka. USIKATE kitako kikiwa bado kimefungwa kwenye bunduki.

Angalizo kubwa: shotigani nyingi za kujipakia zenyewe, kama Remington 1100 au Benelli M2, zina springi na bomba lake ndani ya kitako. Hizo zina kikomo cha kukata, ukipita kikomo unakutana na chuma na bunduki haifanyi kazi. Kama yako ni ya aina hiyo toa raba, pima kina mpaka kwenye bomba, na kama huna uhakika peleka kwa fundi mwenye leseni.

HATUA YA 5: Kulinda pembe ya uso wa nyuma

Uso wa nyuma wa kitako haujakatwa mraba na mtutu, una pembe kidogo, na pembe hiyo ndiyo inafanya raba ilale yote begani. Kabla hujafungua bunduki (ndio, rudi nyuma hatua moja) isimamishe sakafuni wima, raba yote iguse chini, sogeza mpaka mwili wa bunduki uguse ukuta, halafu pima mdomo wa mtutu uko mbali na ukuta kiasi gani. Mara nyingi ni inchi mbili mpaka tatu. Andika. Ukimaliza kazi upime tena, namba isibadilike sana. Pembe ikiharibika raba inagusa bega kwa juu tu au kwa chini tu, na teke lote linapita kwenye nukta moja.

Njia rahisi ya kuibeba pembe ile ile: chomoa waya wa umeme wa msumeno. Shusha blade chini kwa mkono. Laza kitako pembeni kwenye meza ya msumeno na uso wa nyuma uegemee ubavu wa blade. Utaona mwanga unapita sehemu maana kitako kina mzingo juu na chini. Chomeka vipande vyembamba vya mbao, kabari kabari, chini yake na kati yake na ukingo wa meza mpaka uso wote ulale flati kwenye blade, mwanga usipite popote. Hapo funga kabari na tepu zisicheze. Sasa hivi ukisogeza kitako pamoja na kabari zake kwa inchi moja na nusu, ukikata, uso mpya unakuwa sambamba na wa zamani. Hii hatua peke yake inaweza kula nusu saa na mkato wenyewe ni sekunde nne. Usione uvivu.

HATUA YA 6: Kukata

Zungushia tepu ya karatasi sehemu ya mkato, mizunguko miwili imebana. Chora mstari juu ya tepu, pitisha kisu chenye makali juu ya mstari ili nyuzi za mbao zikatike kabla msumeno haujafika, hii inapunguza kuchanika. Vaa miwani. Rudisha umeme, acha blade ifike mwendo kamili hewani ndio uishushe, taratibu, ikimaliza izime ikiwa chini na usubiri isimame kabla ya kuinua.

Kile kipande kilichokatika USITUPE. Kama bunduki ni ya mtoto, miaka miwili mbele unakirudisha katikati ya raba na kitako kwa skrubu ndefu na kitako kinakua naye. Kiandike kwa penseli kimetoka bunduki gani ukiweke kwenye droo.

HATUA YA 7: Matundu ya skrubu

Kama umekata inchi moja na nusu yale matundu ya zamani huenda yameondoka na kipande, bahati yako. Kama umekata kidogo bado yapo na hayatalingana na raba mpya. Yazibe: tanua kwa keekee, pigilia kijiti cha duara chenye gundi, acha mpaka kesho, kata kilichozidi. Halafu weka raba mpya katikati, weka alama, toboa matundu membamba kuliko skrubu. Angalia skrubu zinaingia kwenye mbao nzima juu na chini ya lile tundu kubwa la bolti, zisitumbukie ndani yake.

Raba mpya haina matundu usoni, na wageni wanashangaa. Matundu yapo upande wa nyuma tu. Sukuma bisibisi kwa nyuma mpaka uone uso umevimba kidogo, hapo chana mchano mdogo kwa kisu. Kabla ya kufunga paka skrubu na shina la bisibisi sabuni ya vyombo au vaselini, zinateleza bila kurarua raba, na ukichomoa mchano unajifunga wenyewe huoni kitu.

HATUA YA 8: Kusaga raba

Funga raba. Itatokeza pande zote. Chukua kitu chenye ncha kali, msumari ulionolewa unatosha, fuata umbo la mbao na ukwaruze mstari kwenye ile sehemu ngumu ya chini ya raba. Ni nyeusi, mkwaruzo utaonekana mweupe. Fungua raba tena, nenda nje (NJE, vumbi la raba linanuka wiki nzima ndani na halifai mapafuni, vaa barakoa), saga kwa mashine ya msasa mpaka ukaribie mstari, acha unene wa karatasi. Kwenye kisigino cha chini usisage wima, iinamishe raba kidogo ili ifuate mstari wa chini wa kitako, vinginevyo itaonekana imekatika ghafla. Halafu funga kwenye kitako, zungushia mbao tepu tabaka mbili tatu, malizia kwa msasa wa mkono 120 kisha 220 mpaka tepu ianze kuchubuka. Simama hapo.

HATUA YA 9: Ziba mbao

Ule uso uliokatwa unanyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitako. Kabla ya kufunga raba moja kwa moja, paka vanishi au mafuta tabaka tatu, na ndani ya matundu pia. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara uliyopakia USIYAKUNJE ukayatupa kwenye ndoo. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka, nyumba zimeungua hivyo. Yatandaze nje yakauke au yatumbukize kwenye maji.

Rudisha kitako, kaza bolti, pima LOP, pima pale ukutani, halafu mvalishe mhusika koti arudie zoezi la kufumba macho. Kama una zile risasi bandia za mazoezi zitumie hapa. Basi, siku ya shabaha anza na risasi nyepesi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu somo zuri. Yangu ni kitako cha plastiki, naweza kukata hivyo hivyo?

Jibu: Unaweza ila sikushauri. Ndani ni tupu, ukikata huna pa kushikisha skrubu, inabidi utengeneze kipande cha mbao cha kujaza tundu na ukigandishe kwa epoksi. Kwa bei ya epoksi na muda wako tafuta kitako cha vijana cha bunduki hiyo hiyo, vipo vingi vilivyotumika. Au kama ni 870 au Mossberg 500 kuna kitako cha Magpul SGA kinarekebishika kwa vipande vya kuongeza, kutoka inchi 12 na nusu hadi 14 na nusu. Ni bisibisi tu, hakuna msumeno.

Swali: Bro mimi shida ni mtutu kweli, wa inchi 28, haukai vizuri kwenye pikapu na nyumbani kwenye korido unagonga ukuta. Si nikate tu ibaki 18 kamili?

Jibu: Usikate, na nakupa sababu mbili. Ya kwanza sheria: 18 sio shabaha ya kulenga, ni ukuta. Na kipimo hakianzii pale unapouona mtutu ukitokea kwenye mwili wa bunduki, kinaanzia ndani, kwenye uso wa bolti inayofunga chemba (sio ile ya kitako) ikiwa imefungwa, hadi mdomoni. Mtu akikosea hesabu akatoka na 17 na robo tatu, tayari ana silaha isiyosajiliwa na hakuna gundi ya kurudisha. Ya pili, choki (ule mbano wa mdomo wa mtutu unaozuia marisau kutawanyika sana) ipo kwenye inchi za mwisho za mtutu, na nyuzi za kufungia choki na ile shanga ya kulengea vyote viko huko huko. Ukikata umevitupa vyote na bata maji hupigi tena. Bunduki yako kama ni ya pampu ya kawaida, kiwandani wanauza mtutu wa 18 na nusu tayari, unafungua kofia ya mbele unabadilisha kwa dakika moja. Wa 28 unabaki nao mzima kwa ajili ya msimu. Sioni kwa nini mtu ahangaike na msumeno wa chuma.

Swali: Na nikiwa na huo mtutu wa 18 na nusu halafu niweke kile kishikio cha bastola badala ya kitako, bado niko salama?

Jibu: Hapo ndio unakwenda kucheza karibu na ule mstari wa pili, wa inchi 26 za urefu wote. Baadhi zinabaki juu yake na baadhi zinasogea pabaya. Pima kwa mstari ulionyooka sambamba na mtutu, usifuate mzingo wa kishikio. Na kusema ukweli bunduki isiyo na kitako inapiga mkono vibaya na hulengi kitu. Mimi siioni faida.

Swali: Kaka samahani, mimi niko hapa kwa viza ya mwanafunzi, mwenzangu ana bunduki anataka nimsaidie kazi hii na baadaye aniachie nikae nayo. Kuna shida?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Sheria ya serikali kuu inakataza mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kumiliki au kukaa na bunduki au risasi. Kuna msamaha, na unaotumika sana ni ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Bila hiyo usiishike hata kwa kusaidia kusaga raba, kosa hilo linaweza kukuondoa nchini. Mwenye gredi kadi huyo ni habari nyingine, anaruhusiwa. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kitu chochote, usitegemee maneno yangu.

Swali: Dada hapa, asante sana. Mimi mfupi nina shotigani ya 20 geji, naogopa nikikata kitako bunduki inakuwa nyepesi inanipiga zaidi?

Jibu: Dada yangu uzito unaopungua ni wa kipande cha mbao, hata huusikii. Kinachokuumiza sasa hivi ni kwamba kitako kirefu kinakufanya uegemee nyuma na raba inakaa kwenye mkono badala ya mfuko wa bega. Ikikukaa vizuri na ukaweka raba nzuri ya inchi moja utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ila usipitilize, kifupi sana kinaleta dole gumba puani. Na kingine wanachosahau mafundi wanaume, kwa wanawake wengi ncha ya chini ya raba inachoma kifuani. Ukisaga, izungushe ile ncha ya chini iwe mviringo, na unaweza kuinamisha raba kidogo nje chini. Hiyo haimo kwenye somo hapo juu lakini ni muhimu kuliko nusu inchi ya urefu.

Swali: Niko Uingereza, na shemeji yangu yuko Kanada, haya yanatuhusu?

Jibu: Kazi ya mbao ni ile ile, sheria siyo. Uingereza kupunguza mtutu wa shotigani chini ya inchi 24 ni kosa, sio 18 kama huku, kwa hiyo video za Wamarekani zisikudanganye. Shemeji wa Kanada: shotigani iliyokatwa ikabaki chini ya milimita 660 urefu wote, au mtutu chini ya 457, ni silaha iliyopigwa marufuku. Kitako cha kawaida hakikufikishi huko, ila pima.

Swali: Shikamoo mkuu, mimi niko Arusha nina bunduki ya marisau ya shambani yenye leseni, fundi seremala wangu anaweza kunifanyia?

Jibu: Marahaba. Hapo nyumbani usianze na seremala, anza na ofisi iliyokupa leseni. Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 na bunduki ukimkabidhi mtu asiye na kibali, hata kama ni kwa ajili ya mbao tu, unajitafutia kesi. Waulize, upate jibu la maandishi, na kazi ifanywe na fundi wa silaha anayetambulika. Ila raba ya begani ya kuvaa, zile zinazovutwa kama soksi juu ya kitako, inaongeza urefu badala ya kupunguza, kwa hiyo kama wewe ni mfupi usikubali muuzaji akuuzie.

Swali: Mkuu umenipa wazo la biashara, jamaa hapa mtaani kwetu wengi wana tatizo hili. Dola 60 kwa kitako kimoja, unaonaje?

Jibu: Ya kwako mwenyewe fanya unavyotaka. Ukianza kuchukua hela za watu kwa kuwafungia vitako, sheria inakuhesabu fundi bunduki na unatakiwa leseni ya ATF, kufunga kitako maalumu kumetajwa kabisa pamoja na mitutu na traiga. Omba leseni kwanza ndio uweke bango.

Swali: Raba yangu imebaki na michubuko ya msasa pembeni, nifanyeje ing'ae?

Jibu: Msasa 320 na maji kidogo, kwa mkono, mzunguko mmoja mmoja. Isiwe laini kabisa pale usoni maana itateleza kwenye koti. Pembeni tu.